Hawakuwa na Maneno ya Kugombana

Ukitaka kumjua ndugu yangu, usimwangalie machoni, mwangalie mdomoni. Saa zote za kazi mdomo wake umejaa misumari midogo ya kochi. Anautema mmoja kwenye ncha za vidole, anaugonga kwenye mbao, anatema mwingine. Mteja akimuuliza bei, humjibu kwa pembe ya mdomo, na hajawahi kumeza hata mmoja. Mtaa mzima unamwita Mama Sponji. Ana chumba kimoja kipana cha kazi na nyuma yake vyumba viwili vya kulala, na katikati ya hicho cha kazi hapakosi kochi lililovuliwa nguo, mbao na mikanda nje, likisubiri kuvikwa upya. Sponji kuukuu hulundikwa kwenye kona mpaka zinakaribia dari.

Mimi ni binti wa mama yake mdogo. Nina saluni ng'ambo ya barabara na mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa wapita njia. Amenizidi miezi michache tu. Tulilelewa kwenye ua mmoja na tukaja mji huu pamoja, kila mmoja na kifurushi chake. Mimi sikujaliwa mtoto. Yeye alipata mabinti wawili, wa kwanza mapema, wa pili wakati watu walishaacha kumuuliza. Huyo wa pili, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, tunamwita Kitinda.

Sasa nikwambie kuhusu lugha yetu, maana bila hiyo hakuna kisa. Ni ndogo. Watu wake katika mji huu ukituita wote tutaenea kwenye chumba cha kazi cha Mama Sponji, na wala hutahitaji kutoa makochi. Huku mtaani watu wana lugha yao, nzuri tu, ndiyo ya sokoni na ya shule, na mimi wateja wangu nawasuka kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Sina ugomvi nayo. Mama Sponji ndiye mwenye ugomvi.

Ugomvi huo ulianzia kwa yule binti wa kwanza. Alimsemesha kwa lugha yetu tangu tumboni, na mtoto akaijua vizuri. Alipofika miaka tisa hivi akaanza kunyamaza. Ukimuuliza jambo, anatikisa kichwa. Kisha akaanza kujibu kwa lugha ya mtaani, neno moja, mawili, mwisho yote. Leo ni muuguzi katika mji mwingine, mke wa mtu, mama wa mtoto. Hupiga simu kila wiki. Mama anaongea kwa lugha yetu, binti anajibu kwa lugha ya mtaani, na ukiwasikiliza utadhani kila mmoja anaongea na mtu mwingine. Mjukuu akipewa simu, bibi hana la kumwambia ambalo mtoto ataelewa, na lile ambalo ataelewa bibi ameapa kutolitia kinywani mbele ya damu yake. Simu ikikatika hukaa kwenye fremu ya kochi, ameshika tama, na siku hiyo kazi hailali mahali pazuri.

Kwa hiyo Kitinda alipozaliwa Mama Sponji alisema huyu hawampokonyi. Na kweli, mtoto alikuwa hodari. Alisalimia wazee wetu kwa maneno mazuri hivi kwamba wengine walitoa leso. Aliomba maji kwa adabu, alishukuru kwa adabu, alikuwa kama mgeni rasmi nyumbani kwake mwenyewe. Lakini akitoka nje tu, lugha ya mtaani. Hata na Meno. Huyu Meno ni binti wa mchomeleaji wa vyuma, nyumba ya tatu kutoka hapo, na tulimbandika jina hilo kwa sababu meno yake ya mbele yaling'oka mapema na yalichelewa kurudi. Baba yake ni wa kwetu, mama yake ni wa kwetu. Wasichana hao wawili wametambaa pamoja. Nyumbani kila mmoja anaongea lugha yetu na wazazi wake, wakikutana mlangoni wanaivua kama viatu.

Siku moja nikamwambia Mama Sponji aache kujitesa, mtoto si anamjibu vizuri? Akatema misumari yote mkononi, ndipo nikajua anasema jambo zito.

"Anaongea na mimi kwa sababu ni mama yake," alisema. "Siku nikifa, ataongea na nani? Nitakuwa nimempa lugha ya kuongea na kaburi."

Nilirudi kumalizia kichwa cha mtu.

Akaamua kuwakusanya watoto. Kila Jumamosi mchana alikuwa na Kitinda, Meno, na watoto watatu wa mwanamke wa kwetu anayeuza mitumba. Akawatandazia sponji zote za kona, akawatolea mito isiyo na foronya, akawapa kamba. Mtoto gani angekataa? Sharti lilikuwa moja, humo ndani ni lugha yetu tu.

Jumamosi ya kwanza nilifunga saluni mapema nikaenda kutazama, na nilicheka hadi nikaona aibu. Meno alikuwa anataka zamu ya kuruka, na Kitinda alikuwa amesimama njiani. Mtoto mwingine angesukuma. Meno aliunganisha mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo, akamwambia mwenzake kwamba anamwomba radhi kwa kumsumbua, na kama hataona vibaya, basi ampishe. Kitinda akamjibu kwamba hakuna usumbufu wowote, akaribie. Miaka tisa kila mmoja. Ungedhani wako kwenye msiba wa mtu mkubwa. Wale watatu wa muuza mitumba walikuwa wameketi ukingoni, magoti pamoja, wanasubiri kuruhusiwa.

Dakika chache baadaye wao wenyewe walishikwa na kicheko, wakaanza kuigiza wazee, halafu mmoja akasahau, akapiga kelele kwa lugha ya mtaani kwamba amefika wa kwanza, na chumba kizima kikalipuka. Walirukaruka, wakabishana, wakazuliana uongo, wakalia, wakapatana, yote kwa lugha ya mtaani. Mama Sponji akapiga mbao kwa nyundo. Wakarudi kwenye msiba wao.

Alijaribu kila njia. Alinunua peremende za kuwatuza waliojitahidi, wakawa wanaongea lugha yetu mpaka peremende ziishe. Alikaa katikati yao, wakawa wanaongea na yeye tu, wote kwa zamu, kama wateja. Akajificha nyuma ya kochi asikilize, akaambulia lugha ya mtaani iliyonong'onwa. Mwisho alikasirika. Akasema atakayetoa neno la mtaani atashuka kwenye sponji na kukaa kwenye benchi mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata niliingia nikadhani hawajaja, maana hakukuwa na sauti. Walikuwepo wote watano. Walikuwa wanaruka. Wanapanda rundo, wanaruka, wanaanguka, wanapanda tena, midomo imefungwa. Wakigongana wanaoneshana vidole. Mmoja aliumia kiwiko, akakishika, akafumba macho, hakusema "ah". Kilichosikika ni sponji tu, pufu, pufu, na pumzi za watoto.

Mama Sponji alikuwa ameegemea ukuta na nyundo mkononi. Nimemfahamu tangu sijaota meno, nimemwona akimzika mume, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alinitazama kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo baya.

"Nimewafanya nini?" aliniuliza.

Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nacheka wiki zote hizo, nilipoelewa, na nikatamani nisingeelewa. Watoto hawa hawakuwa wakaidi. Hawakuwa na maneno. Maisha yao yote walikuwa wameongea lugha yetu na watu wazima tu, na kwetu lugha ya kuongea na mtu mzima ni chumba kimoja cha nyumba, kile cha kupokelea wageni. Walijua kusalimu, kuomba, kushukuru, kukubali makosa. Hawakujua kudai zamu. Hawakujua kukana, kusingizia, kutishia kumwacha mwenzako, kumwambia aondoe kichwa chake kinachofanana na nyundo. Mtoto anayecheza bila maneno ya kugombana anacheza na nini?

Na maneno hayo yapo. Mimi na yeye tunayo hadi leo, tumbo tele. Lakini kwetu watoto hufundishwa na watoto. Wakubwa kidogo huwafundisha wadogo, nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya wazee, na wazee hujifanya hamnazo. Mtu mzima hatamki maneno ya rika mbele ya mtoto, na mtoto hamtamkii mtu mzima. Si matusi ya nguoni, la, ni utani wa utotoni tu, lakini mpaka wake tuliulinda kama mlango wa chooni. Sasa huku mjini hao watoto wakubwa kidogo wako wapi? Ni akina binti yake wa kwanza, walionyamaza. Kamba ilikatikia hapo, na sisi tuliendelea kushika ncha yetu kwa heshima zote.

Nilimweleza hivyo. Nilijuta kabla sijamaliza, kwa sababu macho yake yalitua kwangu yakaganda.

"Basi tutawafundisha sisi," alisema. "Mimi na wewe. Mbele yao."

Nilikataa. Nilimwambia nina mvi, nina wateja, watoto hao wananiita mama mdogo. Nilimwambia amechanganyikiwa. Aliacha kunisalimia siku kadhaa, na barabara ile yenye upana wa kuvuka kwa pumzi moja ikawa kubwa kuliko zote. Kisha akaja saluni mteja akiwa chini ya dryer, akasimama mlangoni bila msumari hata mmoja mdomoni, akasema nimwonee huruma. Huyu ni mwanamke anayebeba kochi la watu watatu peke yake na kumfokea anayetaka kumsaidia. Nikakubali.

Jumamosi tukaketi juu ya sponji, mabibi wawili wazima, watoto wametuzunguka. Mimi nilikuwa nimekalia mto aliokuwa anautaka Mama Sponji. Aliniangalia, akameza mate, akaniambia niondoe makalio yangu ya sufuria juu ya mto wake. Watoto waliacha kupumua. Nilihisi joto masikioni mpaka shingoni. Nikamjibu kwamba mto si wake, ni wa mwenye pua, na yeye badala ya pua alipewa kitasa. Akasema kitasa kinafungua mlango, kichwa changu kinafungua nini. Na hapo, sijui ilitokea vipi, nikasahau watoto. Tulirudi kwenye ule ua wetu. Maneno yalitoka yenyewe, mengine sikuwa nimeyasikia tangu matiti hayajaota, na kila lililotoka lilivuta lenzake. Tulisukumana. Alinipiga na mto. Nilimtishia kumsema kwa mama yake, ambaye yuko chini ya udongo kitambo.

Tulipotulia, tukihema, tulisikia sauti nyembamba. Ilikuwa ni Meno, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Akaiondoa, akamgeukia Kitinda, akamwambia kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto, kwamba na yeye ana kitasa.

Kitinda alimwangalia mama yake. Mama yake alijifanya anatafuta mkasi. Kitinda akamwita mwenzake kibogoyo.

Usinilazimishe kueleza wiki zilizofuata, zitaniliza. Wale wawili walishika moto. Walikuja kabla ya saa, walikuja hata siku zisizo za Jumamosi. Waligombania mito, mikasi, vibanio, kivuli, kila kitu. Walitunga yao wenyewe, ya simu na ya televisheni, maneno ambayo hata sisi yalituacha midomo wazi. Wale watatu wa muuza mitumba nao wakaanza kuokota mabaki. Mama Sponji alikuwa akifanya kazi nyuma ya kochi amewapa mgongo, misumari mdomoni, machozi yanashuka hadi kwenye misumari, na asijipanguse kwa kuogopa kwamba akigeuka watanyamaza. Mimi niliyaona hayo kutoka mlangoni kwangu, na nilimwonea wivu, nasema wazi.

Kitu kimoja hatukuwaambia. Kwetu mtoto hujifunza maneno ya rika nyuma ya nyumba, na kwa sababu ni nyuma ya nyumba, anajua bila kuambiwa kwamba ni ya huko. Sisi tuliyatoa mchana kweupe, tukayasema wenyewe, mvi zikionekana. Watoto waliona wakubwa wakiyatumia. Wangejuaje kwamba yana mipaka?

Bibi yake Meno alikuja kumtembelea mwanawe. Amesafiri siku mbili, mzee wa watu, na furushi kichwani. Aligonga, na aliyefungua mlango ni Meno. Mtoto alifurahi kweli, alimpenda bibi yake. Akamrukia shingoni na kumsalimia kwa namna ya kupendeza kuliko zote alizozijua, ile ambayo Kitinda humsalimia nayo kila siku akiingia.

"Kumbe bado hujafa, kibogoyo wewe?"

Bibi hakuwa na jino hata moja. Wanasema hakuvua viatu. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akanywa maji, akamwambia mwanawe amesikia alichokuja kusikia, na akaomba arudishwe stendi.

Mchomeleaji alikuja kwa Mama Sponji jioni ileile na nguo za kazi. Ni mtu mpole, ndiye aliyetuwekea milango sote wawili. Hakupaza sauti. Mama Sponji alijieleza, akasema ni kosa lake, mtoto asipigwe, atakwenda yeye mwenyewe kumpigia magoti bibi, na mpaka huo watafundishwa, ni suala la kuelekezwa tu. Mimi nikatia neno, nikasema na mimi nilihusika. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Dada zangu, mwanangu alikuja kwenu ana adabu, lugha haikutosha," alisema. "Sasa lugha anayo, adabu hana. Kati ya hivyo viwili mimi nimeshachagua. Acha aongee ya mtaani, lakini amheshimu mama yangu."

Habari ikazunguka. Jumamosi watoto wa muuza mitumba hawakuja, mama yao akatuma salamu kwamba wana mafua. Mafua hayo hayakupona. Mama Sponji alitandaza sponji zilezile, na Kitinda akakaa juu yake peke yake, akitazama mlango.

Mama Sponji alimfuata mchomeleaji kazini. Nilikwenda naye kwa sababu sikuamini miguu yake. Alimkuta ameinamia geti la mtu, cheche zinaruka, na alisubiri mpaka azime. Kisha akapiga magoti pale chini, kwenye vumbi la chuma, na akamwomba amrudishe Meno, siku moja kwa wiki, saa moja, yeye mwenyewe baba awepo akisikiliza. Alimwambia hana mwingine. Alisema mji mzima umejaa watoto na mwanawe hana wa kuongea naye. Mchomeleaji alimwomba anyanyuke, alimwomba mara nyingi, na nilimwona naye machozi yakimlengalenga. Lakini hakutoa neno alilotakiwa kutoa. Mwisho alishusha kofia yake ya kuchomelea usoni akawasha moto, na mtu akiwasha huwezi kumtazama.

Kitinda na Meno hawakukatazwa kucheza. Walikatazwa lugha. Kwa hiyo niliwaona kila siku pale barabarani, mbele ya saluni, wanarushiana mpira na kubishana kwa lugha ya mtaani, na ilikuwa kama hakuna lililowahi kutokea. Ila Jumamosi Kitinda alirudi kwenye sponji. Siku moja nilisikia sauti mbili humo ndani, nikavuka mbio, nikidhani Meno ametoroka. Alikuwa ni Kitinda. Alikuwa anakalia mto wa kushoto, anasema neno la ugomvi kwa sauti yake, anahamia mto wa kulia, anajibu kwa sauti ya Meno, ile yenye upepo kwenye pengo. Anacheka kwa zote mbili. Mama yake alikuwa nyuma ya kochi, nyundo imesimama hewani.

Kitinda alifanya hivyo Jumamosi kadhaa, halafu akaacha. Akaanza kutikisa kichwa akiulizwa. Mama Sponji alikuja kunieleza jambo hilo kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa uliomuua mwingine nyumbani. Nilimwambia mtoto amechoka na shule. Hakunisikia. Siku tatu nne baadaye nilikuwa kwake nachukua mto wa kiti changu cha saluni, akamwambia Kitinda amletee mkasi, na Kitinda, bila kugeuka, akajibu kwa lugha ya mtaani.

"Baadaye."

Mama Sponji alifungua mdomo na misumari yote ikamwagika sakafuni. Hakuitazama. Alifungua kilemba chake, akakitundika kwenye pembe ya fremu, akavua na viatu. Kisha akapanda juu ya sponji, mwanamke wa umri wangu, magoti yanalia, akakaa kwenye mto wa kulia.

"Kuanzia leo, ukiwa hapa, mimi si mama yako," alimwambia kwa lugha yetu. "Mimi ni Meno. Umekalia upande wangu, pua kitasa. Toka."

Mtoto aliganda. Alinitazama mimi, nami nikatazama mlango. Mama Sponji akamrushia neno lingine, na lingine, akamsukuma bega. Kitinda akaanza kulia. Akamwambia kwa yale maneno yake ya adabu, ya chumba cha wageni, kwamba anamwomba radhi, hatarudia. Mama yake akamwiga kilio, akamwita bibi harusi aliyeachwa. Nilitaka kumvuta nywele nimshushe. Mama yake hakuacha, akaendelea kumchokoza na kumchokoza, mpaka mtoto akapiga kelele, huku kamasi zinamtoka, kwamba yeye ni jizee lenye nywele za brashi ya viatu na linanuka gundi.

Halafu Mama Sponji akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, kwamba gundi ndiyo inayomnunulia daftari. Kitinda akajibu kwamba daftari lenyewe lina kurasa chache kama meno yake. Na wakaendelea.

Waliendelea kweli. Ikawa si Jumamosi tena, ikawa kila siku, na haikubaki kwenye sponji. Mteja yuko pale anachagua kitambaa, mtoto anapita anamwambia mama yake asogeze tumbo. Mteja haelewi lugha, anaona vicheko, anasema nyumba hii ina furaha. Mimi ninayeelewa masikio yaliniwaka. Mama yake akimwambia aoge, mtoto anamuuliza yeye ni nani. Akimwambia alale, anamwambia alale yeye, mwenye macho ya kuku. Lugha yake ilinoga, hilo siwezi kulikana. Ilikuwa tajiri kuliko ya kwetu tulipokuwa na umri ule. Nilimvamia ndugu yangu siku moja, nikampa vidonge vyake, nikamwambia mama hapatikani dukani, huyu mtoto atamtoa wapi mwingine?

"Mama anaye mpaka nife," alinijibu, akipima kitambaa. "Alichokosa ni mwenzake."

Nilimwambia anajidanganya. Akasema huenda, lakini anajidanganya kwa lugha yake. Alikuwa amekonda. Mtu aliyezaliwa kuwa mama hawezi kushinda kutwa akiwa mtoto wa miaka tisa bila kulipia mahali fulani.

Kisha ikawa hivi. Ilikuwa mchana, jua kali, wateja hakuna. Nilikuwa mlangoni kwangu napunga upepo. Mama Sponji alikuwa amebomoa kochi la zamani na mbao zake zilikuwa zimelala chini, misumari juu. Wao wawili walikuwa wanafukuzana kuzunguka chumba, wanatukanana kwa raha zao, na Kitinda aliruka kutoka kwenye rundo akatua juu ya ubao.

Nilivuka kabla hajamaliza kupiga ukelele. Msumari ulikuwa umezama wote unyayoni, ubao umening'inia kwenye mguu, damu inatoka polepole. Na mtoto alikuwa anaita mama. Alikuwa anaita kwa lugha ya mtaani, kwa nguvu zake zote, huku anaangalia mlangoni, kana kwamba huyo mama atatokea nje.

Mama Sponji alikuwa ameshampakata. Alimwambia kwa lugha yetu yale maneno ambayo mama zetu walituambia, kwamba yupo, kwamba yanapita, atulie, apumue. Kitinda alimsukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

"Sitaki mchezo!" alilia, kwa lugha ya mtaani. "Basi, sitaki tena mchezo. Namtaka mama."

Nilikuwa nimeshika koleo. Nilimwona ndugu yangu akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Maneno yalikuwepo pale, yote, tangu ya bibi zake, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi. Akamvuta mtoto, akambana kichwa chake chini ya kidevu. Kisha akasema kwa lugha ya mtaani, kwa lafudhi nzito ya mtu anayeitumia kwa kuuzia na kununulia tu, lugha ambayo tangu azae hajawahi kumwambia mtoto wake hata neno moja.

"Mama nipo," alisema. "Mama yako nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Kitinda akaacha kusukuma. Alimshika mama yake shingoni akalia vizuri sasa, kilio cha mtoto aliyefika. Nikauvuta ule msumari kwa koleo, nikauosha mguu kwa maji ya chumvi, na mama yake akaendelea kumwambia, kwa lugha ileile ya mtaani, kila nilichokuwa nafanya.